Raba, Taraza na Kabari: Majina ya Kazi ya Kuziba Madirisha ya Magari ya Kale Mjini Mombasa

1. Utangulizi

Kazi inayozungumzwa katika makala haya ni ndogo, na pengine msomaji atashangaa kuikuta katika jarida la lugha. Ni kazi ya kuvua mipira iliyochakaa katika madirisha na milango ya gari la kale na kutia mingine iliyotengenezwa upya kwa kufuata umbo la ile ya kwanza, pamoja na mikanda myembamba ya madini inayoyapamba madirisha hayo. Nia yetu ni kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kuonyesha kwamba baadhi ya makosa yake hayatokani na uvivu wala ujinga wa fundi, bali hutokana na upungufu wa majina. Tena tutajaribu kuonyesha kwamba majina yanayohitajika hayana haja ya kubuniwa mezani, kwa kuwa yamo tayari katika kazi za maseremala wa milango na mafundi wa vyombo vya bahari, kazi ambazo Mji wa Kale wa Mombasa umezijua kwa karne nyingi.

Mwandishi aliingia katika jambo hili kwa hasara yake mwenyewe. Alikuwa na Volkswagen ya miaka ya 1960, ile yenye mgongo wa kobe, na aliagiza kutoka ng'ambo mpira wa kioo cha mbele pamoja na mkanda wake wa alumini. Akavipeleka vyote viwili kwa fundi mmoja hodari, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na darasa, akamwachia maagizo kwa simu: "Fundi, usiisahau ile bidingi." Fundi akamjibu: "Ondoa shaka, Mwalimu. Bidingi hutiwa mwisho." Wakaagana kila mmoja akiwa na yakini kwamba ameeleweka, kumbe kila mmoja alikuwa akisema kitu chake. Jioni kioo kilikuwa mahali pake, lakini mkanda wa alumini ulikuwa umepindika sehemu tatu, maana ulilazimishwa kuingia katika mpira ambao tayari ulikuwa umekazwa. Mdomo wa mpira ulichanika kwenye pembe. Mvua za mwaka zilipoanza, maji yalipita pale pale palipochanika, yakateremka nyuma ya dashibodi, yakatua sakafuni. Msimu ulipokwisha, sakafu ilikuwa imetoboka kwa kutu.

Fundi yule hakukosea katika ufundi wake. Aina ya gari aliyoizoea hutaka ukanda utiwe mwisho. Gari la mwandishi lilitaka utiwe mwanzo. Neno moja lilikuwa limebebeshwa kazi mbili zinazopingana, na lilipoelemewa, gari ndilo lililolipa.

2. Kisiwa na maadui wa mpira

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, yafaa kutazama mahali inapofanyika. Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi pande zote, Bandari ya Kale ikiwa upande wa mashariki na Kilindini upande wa magharibi. Mvua kubwa, ambazo wenyeji wa Mombasa huziita mvua za mwaka, hunyesha kuanzia Aprili hadi Juni, na Mei ndio mwezi wenye maji mengi kuliko yote. Katika miezi ya kaskazi jua huwa kali. Mpira hauvipendi vitu hivi. Jua na hewa huukausha hadi ukawa mgumu na kufanya nyufa. Ukisha kupasuka, huyaachia maji njia. Chumvi nayo huyafanya maji hayo yaile bati upesi zaidi kuliko maji matupu.

Jambo baya zaidi ni kwamba kutu hii huanzia mahali pasipoonekana, yaani kwenye ukingo wa bati uliofunikwa na mpira. Mwenye gari huona doa dogo la rangi iliyovimba, naye hudhani ni kasoro ya juu juu. Mpira ukivuliwa ndipo hugundua kwamba ukingo wenyewe umeliwa. Kwa hiyo katika mji kama huu mpira wa dirisha si pambo. Ndio unaoamua kama gari litaishi miaka mingine ishirini au litauzwa kwa kilo.

Kwamba watu hujali magari haya si jambo la ajabu. Volkswagen ya aina hii ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na jina lake likaenea Afrika Mashariki nzima. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2003 huko Meksiko, baada ya kutolewa magari zaidi ya milioni 21. Mwaka huo huo wa 2003, ilipotimia miaka 50 tangu Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic Rally, ambayo mara kadhaa yameitumia pwani ya Mombasa kuwa mahali pa kuanzia au pa kumalizia. Maadamu magari yapo na yanapendwa, viwanda vya ng'ambo huendelea kuiga vipuri vyake. Lakini kipuri cha kuigwa huja bila mtu wa kukieleza.

3. Kioo kisichofunguka

Tuanze na kioo cha mbele, ambacho hakifunguki. Mpira wake, ukikatwa na kutazamwa upande wa mkato, una mifuo miwili iliyopeana mgongo. Katika mfuo mmoja huingia kioo. Katika mfuo wa pili huingia ukingo wa bati. Mpira basi ndio unaokishika kioo, na hapana msumari wala parafujo. Magari mengi huwa pia na mfuo wa tatu, ulioko usoni mwa mpira, upande wa nje. Ni katika mfuo huu wa tatu ndipo majina yanapovurugika, kwa sababu kinachoingia humo ni kimoja kati ya vitu viwili.

Kitu cha kwanza ni mkanda wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu, ambao kazi yake ni kupamba. Ndio uliokuwa katika Volkswagen ya mwandishi. Mkanda huu ni mgumu na haukunjiki, kwa hiyo hauna budi kutiwa mpira ukiwa bado laini na huru. Utaratibu wake ni huu: mpira huvishwa kioo juu ya meza iliyotandikwa blanketi, mkanda hutiwa katika mfuo wake pole pole, kuanzia katikati kuelekea pembeni, kisha kioo, mpira na mkanda, vyote vikiwa kitu kimoja, hupelekwa kwenye gari.

Kitu cha pili ni ukanda wa mpira mgumu au wa plastiki, ambao mara nyingi hupakwa rangi ya fedha ili ung'ae kama madini. Huu hupatikana, kwa mfano, katika gari la Mini, lililoanza kutolewa mwaka 1959. Mtazamaji wa mbali hawezi kuutenga na ule wa kwanza. Lakini kazi yake si kupamba tu, bali ni kuukaza mpira. Kioo hutiwa kwanza, mpira ukiwa umelegea. Kisha ukanda husukumizwa katika mfuo kwa chombo chenye tundu mfano wa jicho la sindano, nao huipanua midomo ya mpira na kuibana kwenye kioo na bati. Ukiutia huu mwanzo, kioo hakiingii kabisa.

Hapa pana vitu viwili vinavyofanana kwa sura, vinavyokaa mahali pamoja, na vyenye utaratibu ulio kinyume. Vyote viwili huitwa bidingi. Tunapendekeza kwamba cha kwanza kiitwe taraza na cha pili kiitwe kabari. Taraza ni ule utepe mwembamba unaopamba ukingo wa nguo. Hauishiki nguo, huirembesha tu, na nguo huvaliwa ikiwa nao tayari. Kabari kila fundi anaijua: ni kile kipande kinachogongomewa katika mpini wa shoka, na hakuna mtu anayetia kabari kabla ya kutia mpini. Majina haya mawili hubeba utaratibu wa kazi ndani yake. Anayeambiwa "taraza" hataingoja mwisho. Anayeambiwa "kabari" hataitia mwanzo.

Kazi iliyobaki ni moja kwa aina zote mbili. Ukingo wa bati husafishwa kwa msasa hadi kutu iishe, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha hupakwa rangi ya gari na kuachwa ukauke kabisa. Fundi mwenye haraka hulipita jambo hili, naye hufungia kutu ndani ya mpira mpya. Baadaye ugwe mwembamba, unene wake kama milimita 5, huzungushwa katika mfuo wa bati, na ncha zake huachwa zikipishana chini katikati. Mfuo hupakwa maji ya sabuni. Mafuta ya gari hayafai, maana huuvimbisha na kuuozesha mpira. Mtu mmoja husimama nje akikikandamiza kioo kwa viganja. Mwingine hukaa ndani akiuvuta ugwe kuelekea kwake, nao unapotoka huupindua mdomo wa mpira na kuupandisha juu ya bati, hatua kwa hatua, hadi mzunguko ukamilike.

Pana onyo moja linalostahili kukaririwa. Mpira usivutwe wakati wa kutiwa. Mpira uliovutwa hukumbuka urefu wake wa kwanza, na baada ya majuma machache hujirudi. Hapo pembe huwa wazi, hata kama siku ya kwanza kazi ilionekana safi. Kama mpira umekuja ukiwa haujaungwa, hukatwa mrefu kidogo kuliko kipimo, kisha husukumwa uingie kwa kubanana.

4. Mlango, ambao hufunguka

Mpira wa mlango una shughuli nyingine. Ule wa kioo cha mbele hubanwa mara moja na kukaa hivyo kwa miaka. Wa mlango hubonyezwa na kuachiliwa mara nyingi kwa siku, nao hutakiwa kurudi katika umbo lake kila mara. Kwa sababu hiyo hufanywa wazi katikati, kama mrija, na hugandishwa kwa gundi upande mmoja tu: ama kwenye mlango, ama kwenye fremu. Upande wa pili huja wenyewe na kuuegemea.

Gerejini nao huu huitwa raba, kama ule wa kioo na kama mingine yote. Lakini yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mlango wa nakshi katika Ndia Kuu amekiona kitu hiki kikiwa cha mti. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili zinazofunguka, na katikati yake umesimama mfaa. Mfaa hupigiliwa kwenye ubao mmoja, hutokeza kidogo, na ubao wa pili unapofungwa huja ukaegemea nyuma yake. Nakshi zake ndizo zinazotazamwa na wageni, ila kazi yake ya asili ni kufunika ule mwanya ambao mbao mbili haziwezi kuufunga zenyewe. Kushikwa upande mmoja, kungojea upande wa pili, kufunika mwanya: hizi ndizo sifa za mpira wa mlango wa gari. Hivyo twapendekeza uitwe mfaa wa mpira.

Mfaa mpya huwa mgumu, na mlango hukataa kufungika vizuri. Fundi asiye na subira hulegeza kufuli papo hapo. Afadhali mlango uachwe umefungwa siku kadhaa ili mpira ulainike, ndipo kufuli itazamwe. Njia ya kuupima ni rahisi: karatasi huwekwa kati ya mlango na fremu, mlango hufungwa, kisha karatasi huvutwa. Ikitoka bila kushikwa, mahali pale maji yatapita.

Limebaki dirisha la mlango lenyewe, linalopanda na kushuka. Kioo chake hupita katika mfereji uliotandikwa kitambaa kama mahameli, na chini yake pana ukanda mwembamba unaokipangusa kinaposhuka. Huu waweza kuitwa kifutio bila kumchanganya mtu. Hapa pana kosa linalofanywa na wenye magari zaidi kuliko mafundi. Wengi hudhani kwamba kifutio kikiwa kizuri, maji hayataingia ndani ya mlango. Sivyo. Maji kidogo huingia kila mvua inaponyesha, na waliounda gari walijua hivyo, wakaweka matundu chini ya mlango ili yatoke. Mwenye gari akiyaona matundu hayo hudhani ni kasoro na kuamuru yazibwe. Tangu siku hiyo mlango huwa mtungi, na huoza kwa ndani.

Nahodha hahitaji kuelezwa jambo hili. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja, hata kiwe kimezibwa namna gani, ndiyo maana kina banduru, mahali maji yanapokusanyika yapate kufuliwa. Ustadi wa chombo hauko katika kuzuia kila tone. Uko katika kujua tone linakwenda wapi. Mtu akimwambia mwenye gari, "Hiyo ni banduru ya mlango, usiizibe," ataeleza kwa maneno machache jambo ambalo vinginevyo lingetaka maelezo marefu.

5. Kwa nini majina haya

Yamkini msomaji atauliza: mbona tusiseme kalafati? Neno hili, ambalo lina ndugu zake katika Kiarabu na katika Kireno, humaanisha kuziba nafasi zilizo kati ya mbao za chombo kwa pamba iliyotiwa mafuta, nalo linajulikana pwani nzima. Mwandishi naye alianza kwa kulipenda. Lakini kazi mbili hizi zikilinganishwa, tofauti hujitokeza. Pamba ya kalafati hupigwa ndani ya nafasi na kukaa. Mbao zenyewe hunywa maji, huvimba na kuibana. Kioo na bati havivimbi. Nguvu ya kuziba hutoka kwa mpira peke yake. Kwa hiyo kalafati yaweza kusaidia kueleza kioo kisichofunguka, ambako kitu hutiwa na kutulia, bali kwa mlango haifai hata kidogo. Tukiliita kila kizibo kalafati, tutakuwa tumeiondoa raba na kuleta raba nyingine yenye jina la heshima.

Hili ndilo fundisho tunalotaka kulisisitiza. Ubaya wa neno "raba" si kwamba limetoka Uingereza. Kiswahili kimepokea maneno kutoka kila upepo, na "kabari" haipati ubora wake kwa kuwa ya zamani. Ubaya wa "raba" ni kwamba halitengi. Neno la kigeni linalotenga lina faida kwa fundi kuliko neno la kwetu lisilotenga. "Gasketi" na "sili", kwa mfano, yote mawili yametoka nje, na fundi wa injini huyatumia bila kuyachanganya, kwa sababu kila moja lina mahali pake. Hatuna sababu ya kuyafukuza.

Wala si kweli kwamba majina ya Mji wa Kale ni ya lahaja tu na hayafai kwingine. Kimvita kilikusanywa mapema na Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882. Mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, ndio uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na tangu hapo wengi wamedhani kwamba maneno ya Mombasa yalibaki nje ya mlango. Lakini kabari na kalafati yamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Kilichokosekana si kibali cha kamusi. Ukuta uliopo ni ule unaotenganisha kazi na kazi: seremala haingii gerejini, fundi wa magari hafiki pwani vyombo vinapopandishwa, na mtunga istilahi hafiki popote kati ya hapo.

Baada ya hasara yake, mwandishi alirudi kwa fundi yule yule akiwa na mpira wa pili na mkanda wa pili. Safari hii alikaa. Alipomweleza habari ya taraza na kabari, fundi alitafakari kidogo, akauchukua mkanda wa alumini mkononi, akasema: "Basi hii yangu ya siku zote ndiyo kabari. Hii yako, Mwalimu, ni nguo ya harusi. Bibi harusi hatoki mpaka avae." Akaita kijana wake alete blanketi, wakautia mkanda juu ya meza. Neno "mfaa" halikupokewa upesi hivyo. Kijana alilijua kwa kuwa babu yake alikuwa seremala, fundi mwenyewe hakulijua. Twalitaja hili ili tusijidanganye. Neno haliingii katika kazi kwa kupendekezwa na mwalimu, ila kwa kumwokolea fundi muda au mali.

6. Tamati

Tumeeleza vitu vinne ambavyo gerejini hubebwa na jina moja au mawili: mpira unaokishika kioo, taraza inayotangulia, kabari inayofuatia, na mfaa wa mpira unaongoja mlango. Tumeongeza kifutio, na banduru ambayo haifai kuzibwa. Orodha hii ni fupi, nayo inahusu sehemu ndogo tu ya gari. Lakini kila sehemu ya gari, ya mashua na ya nyumba ina vitu vyake vinavyofanana kwa sura na kupingana kwa kazi, na kila penye viwili vya namna hiyo vyenye jina moja, pana mtu atakayeharibikiwa.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu wanaoshughulika na istilahi waanze uchunguzi wao kwa swali jepesi kuliko lile lililozoeleka. Badala ya kuuliza, "Neno hili la kigeni tuliiteje kwa Kiswahili?", wamuulize fundi: "Ni wapi katika kazi yako watu hukosea kwa sababu hawakukuelewa?" Mahali hapo ndipo neno linapohitajika, na mara nyingi mtaa wa pili lipo.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuta kioo kimekaa sawasawa. Sakafu ya gari iliungwa bati jipya, nayo mpaka leo ni kavu.